Unene wa ukoo: maswali kuhusu vinasaba na uzito

Kwetu wanawake wote ni wanene: bibi, mama, mashangazi. Je, na mimi nimeshaandikiwa?

Kuna ulichorithi, hilo halina ubishi. Mwaka 1990 ulichapishwa utafiti wa mapacha wa Sweden wanaofanana, waliotenganishwa na kulelewa nyumba tofauti. Ukubwani miili yao ilikaribiana kwa unene karibu sawa na mapacha waliokula chungu kimoja. Makadirio mengi husema kati ya asilimia 40 na 70 ya tofauti za unene baina ya watu hutokana na urithi. Lakini usiisome vibaya hesabu hiyo: inahusu tofauti kati ya watu wa jamii moja, haisemi kwamba asilimia 70 ya kilo zako umeachiwa na bibi. Halafu ukoo haurithishani vinasaba peke yake. Unarithishana na sufuria, na mkono wa kumimina mafuta, na ile "ongeza kidogo, mbona hujala?"

Kinasaba kinanenepeshaje? Kinatengeneza mafuta?

Wengi hudhani hivyo. Kumbe sehemu kubwa ya kazi iko kwenye ubongo, mahali panapoamua una njaa au umeshiba.

Mwaka 1997 madaktari wa Uingereza walieleza habari za watoto wawili, binamu, wenye asili ya Pakistani. Mmoja, mwenye miaka 8, alikuwa na kilo 86. Mwingine, wa miaka 2, alikuwa na kilo 29. Kinasaba chao cha leptini kilikuwa na hitilafu. Leptini ni homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili kwenda kuuarifu ubongo kwamba ghala limejaa. Kwao taarifa hiyo haikufika, kwa hiyo walikula na njaa ikabaki palepale. Mkubwa alipoanza kuchomwa sindano za leptini, njaa ilitulia, na katika mwaka mmoja alipungua kilo 16 na ushee. Hakuna aliyemfundisha kujizuia.

Watoto wa aina hiyo ni wachache mno duniani. Sisi wengine tunabeba vinasaba vingi, kila kimoja kikisukuma kidogo tu. Maarufu kuliko vyote ni FTO, kilichotangazwa mwaka 2007: Wazungu waliopokea nakala mbili za hatari, moja kwa baba na moja kwa mama, walizidi wenzao wasio na nakala hizo kwa kilo 3 hivi. Kilo 3! Haitoshi hata kukubadilishia saizi ya suruali mara mbili.

Ni vilevile kwa Mwafrika, Mzungu na Mwasia?

Hapa ndipo penye utamu. Vingine vimeenea kote, vingine ni vya watu wa mahali fulani.

Huko Samoa, visiwa vya Pasifiki, utafiti wa mwaka 2016 wa watu zaidi ya 3,000 ulikuta badiliko kwenye kinasaba CREBRF. Takriban robo ya nakala zote za kinasaba hicho kwa Wasamoa zina badiliko hilo, ilhali kwa Wazungu na Waafrika halionekani kabisa au ni adimu sana. Anayelibeba huwa mnene zaidi, lakini hatari yake ya kisukari *hupungua*. Yaani kinasaba kilekile kinaongeza kilo na kukinga sukari. Wapo wanaosema ni akiba ya mababu waliovuka bahari kwa mitumbwi. Hadithi tamu, ila bado inabishaniwa. Kwa Wainuit, wenyeji wa asili wa Greenland, kisiwa cha barafu kaskazini, mambo ni kinyume: mwaka 2018 iliripotiwa kwamba walio na nakala mbili mbovu za ADCY3 wana hatari kubwa zaidi ya unene na ya kisukari, vyote viwili.

Afrika Magharibi nako, mwaka 2017, lilipatikana badiliko karibu na kinasaba SEMA4D, kwa takriban mtu 1 kati ya 100, likiambatana na ongezeko la kilo 2.7 hivi. Lisingeonekana kama utafiti ungefanywa kwa Wazungu tu.

Kama ni urithi, mbona wazee wetu walikuwa wembamba?

Waulize Wapima, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika. Wako wanaoishi Arizona, Marekani, na ndugu zao wa milimani Mexico. Asili moja. Utafiti wa mwaka 2006 ulikuta kisukari kwa asilimia 38 ya wale wa Marekani na asilimia 7 tu ya wale wa Mexico, ambao walikuwa wembamba kwa mbali na bado walifanya kazi ngumu za shamba. Vinasaba havibadiliki kwa vizazi viwili au vitatu. Maisha hubadilika.

Kuna kipimo cha mate kinachotabiri unene. Nikinunue?

Mimi nisingetoa pesa yangu. Alama za hatari zinazotolewa na vipimo hivyo zimejengwa zaidi kwa takwimu za watu wenye asili ya Ulaya, na zikipelekwa kwa Mwafrika usahihi wake hushuka sana. Futi ya fundi cherehani ukiizungusha kiunoni itakueleza zaidi. Isipokuwa mtoto anayenenepa kupita kiasi kabla ya miaka 5, mwenye njaa isiyotulia hata akishakula: huyo apelekwe kwa daktari bingwa wa watoto.

Na mazoezi yana faida kwa mwenye FTO ya hatari?

Yanayo. Uchambuzi wa mwaka 2011 wa watu wazima zaidi ya 200,000 ulionyesha kwamba kwa wanaoushughulisha mwili, nguvu ya kinasaba hicho hupungua kwa zaidi ya robo. Kutembea hadi kituo cha daladala kunahesabika.