Si kila nyoka wa kijani ni koboko, na kichwa cha pembetatu hakitakusaidia

Nyoka wa sumu ni yule mwenye tezi za sumu na meno ya kuiingiza mwilini akikung'ata, basi. Kinachonichosha ni ile "huyo hana sumu, kichwa chake sio pembetatu", naisikia Goba, naisikia Kigamboni, tena inasemwa na mtu mzima ameshika fimbo.

Hiyo kanuni ya pembetatu na mboni iliyosimama kama ya paka ni ya kina kifutu. Marekani inasaidia kidogo maana nyoka wao wengi wa sumu ni wa ukoo huo, ila huku kwetu pwani kuna koboko wa kijani, anashinda juu kwenye miembe na mikorosho, kichwa kirefu chembamba, mboni duara. Swila naye mboni duara. Halafu yule mla mayai asiye na sumu hata tone ndo mwenye mboni iliyosimama, na akitishwa anatanua kichwa na kusugua magamba mpaka yanatoa mlio, kwa hiyo kwa kanuni yenu mnamuua asiye na kosa na mnamsogelea koboko.

Sasa hao wa kijani. Koboko jicho lake ni dogo ukilinganisha na urefu wa kichwa. Wale wembamba wa vichakani wasio na sumu wana macho makubwa, wengi hawazidi sana mita moja, ila usishangilie, kwanza kitoto cha koboko nacho ni kifupi na sumu anayo tangu anatotolewa, pili kuna bumslangi, nyoka mwingine wa mitini mwenye sumu, naye macho makubwa, naye anavimbisha shingo kama wale wasio na sumu wanavyofanya. Sumu yake inaharibu kuganda kwa damu, na saa za mwanzo unaweza usisikie kitu. Karl Schmidt alikuwa mtaalamu wa nyoka kabisa, mwaka 1957 huko Chicago aling'atwa na bumslangi mdogo, akalichukulia jambo jepesi, kesho yake akafariki.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukimkuta wa kijani kwenye michongoma, badala ya "hana sumu" sema tu "simjui", rudi nyuma, watoto waingie ndani, picha piga ukiwa mbali, na aliyeng'atwa aende hospitali hata kama anacheka.