Mifupa ya mawe ya Ruhuhu sio dainosaria, na sio ya kuokota

Jamani, picha za mifupa ya mawe mnazotutumia WhatsApp kutoka bonde la Ruhuhu, Ludewa mpaka upande wa Songea, zimekuwa nyingi na tunashukuru, anayepiga picha anajali. Ila karibu kila moja inakuja na maneno "dainosaria huyu hapa". Hapana. Wengi ni disinodonti, mnyama wa kale aliyeshatoweka, na sura yake ya kimjusi ndio inawachanganya, kwa ukoo yuko karibu na sisi mamalia kuliko mjusi.

Angalia fuvu. Nyuma ya jicho kuna tundu moja kila upande, mdomo kama wa kobe, na wengi wana chonge mbili zinashuka chini, ndo maana jina lake la Kigiriki maana yake meno mawili ya mbwa, japo alikula majani. Kawingasaurus wa hapohapo Ruhuhu alikuwa kadogo, anachimba ardhi kama fuko, wengine walifika ukubwa wa ng'ombe. Wale wa miamba ya Usili, tabaka moja la hapo Ruhuhu, wana zaidi ya miaka milioni 250. Dainosaria wa Tendaguru kule Lindi, waliobebwa kwenda Berlin, walikuja kama miaka milioni 100 baadaye!

Sasa utaratibu, soma taratibu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahusu pia visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka mawe kama haya, vya wanyama wenye uti wa mgongo, sio sufuria za kale na magofu tu. Kuchimba bila leseni ni kosa, kutoa nje ya nchi bila leseni ni kosa, hata kama kimetoka shambani kwako, na adhabu ni faini au jela. Ukikiona, kiache kilivyo, piga picha weka kalamu pembeni ionyeshe ukubwa, chukua lokesheni kwenye simu, mwambie mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo ili taarifa ifike idara ya serikali ya Mambo ya Kale. Usikioshe, usikigonge, usipake gundi.

Na hii habari kwamba Mjerumani alificha mali ndani ya mafuvu haya tumeichoka kwa kweli. Ndani ya fuvu hakuna rupia, hakuna zebaki, ukilipasua unabaki na kokoto. Thamani yake ni tabaka la mwamba lilipolala, hapo ndo tunajua aliishi kabla au baada ya lile balaa la miaka milioni 252 iliyopita lililofuta viumbe wengi duniani.

Kama kuna ndugu yako ameshalibeba nyumbani, mwambie alipeleke kwa mtendaji na akumbuke ni korongo gani, maana hilo ndilo swali la kwanza tutakalomuuliza.