Testi gani nitumie? Mambo tunayodanganyana kwenye data za utafiti

Kila ukifika msimu wa watu kukabidhi disatesheni simu yangu haitulii. Juzi usiku ndo kwanza namaliza kula naona meseji ya kijana wetu mmoja wa nyumbani, anasoma chuo hapa Unguja: "Shikamoo ami, nakutumia faili la Excel niambie tu nitumie testi gani, supavaiza anataka kesho." Basi, hakuna maelezo, faili tu, jina lake DATA FINAL MPYA 3. Nikamjibu marahaba, swali lako la utafiti lipi? Kimya. Imepita kama nusu saa hivi akaniletea kichwa cha proposo yake, mistari mitatu, ndani yake mna mwani, mna wakinamama, mna uchumi wa buluu na mna "athari" mara mbili, swali lenyewe halimo.

Nikaona leo niyaandike kabisa haya maneno ya kudanganyana kuhusu testi (testi ni hesabu ya takwimu ya kupima kama unachokiona kwenye data ni cha kweli au ni bahati tu), maana si yeye peke yake, haya tunarithishana tu kutoka darasa la mbele kuja la nyuma.

"We tia data kwenye SPSS, yenyewe itakwambia testi"

Haikwambii kitu. SPSS ni programu ya kompyuta ya kupiga hesabu za takwimu, haijui kama ile safu ni kilo za mwani au ni nambari za simu, ukiiomba wastani wa nambari za simu itakupa na desimali mbili juu. Ukiandika wilaya za Pemba kwa nambari, Wete ni 1, Chake ni 2, Mkoani ni 3, itakupigia wastani wa wilaya ikwambie 2.14, sasa hiyo 2.14 ni wapi, Pujini?

Testi inatoka kwenye swali. Mie huwa nauliza mambo matatu tu kabla sijafungua faili. Unataka kulinganisha makundi, au unatafuta kama kitu hichi kinakwenda sambamba na kile? Ulichopima ni cha namna gani, ni kilo na sentimita, ni ndio/hapana, au ni ngazi kama "nakubali sana, nakubali, sikubali"? Na la tatu ambalo watu hulisahau kabisa, waliopimwa ni walewale mara mbili au ni watu mbalimbali? Ukishayajibu hayo, testi mara nyingi inakuja yenyewe hata hujaitafuta: wastani wa makundi mawili ni ti-testi, makundi matatu na zaidi ni anova, kuhesabu vichwa (wangapi ndio, wangapi hapana) ni kai-skwea, kuona kitu kinakwenda vipi na chengine, tuseme kilo na umri, ni korelesheni au rigresheni. Zimebaki nyingine lakini kwa tafiti nyingi za kwetu hapa hizo ndo za kila siku.

"Makundi mawili? Ti-testi, tumemaliza"

Ti-testi ipi? Hapa ndo alipoanguka kijana wangu, na mie zamani nilianguka hapahapa kazi ikanirudia imejaa wino mwekundu, kwaiyo nina huruma naye.

Utafiti wake, baada ya kumbana, ni huu: wakinamama wa mwani, kila mmoja kafunga kamba kumi kwa nafasi ya zamani baina ya tai tai na tai tai (vile vikamba vidogo vya kufungia miche ya mwani), na kamba kumi kwa nafasi mpya, upande uleule wa bahari, wiki zilezile sita, wakavuna bamvua lileile. Mpango mzuri sana wallahi, kajitahidi. Anataka kujua nafasi mpya inaongeza kilo au vipi.

Sasa tuchukue mfano wa mama sita, namba za kubuni hizi nimezitunga mie za kuonyeshea tu. Nafasi ya zamani wamevuna kilo 40, 75, 52, 110, 63 na 90. Nafasi mpya, walewale kwa mpangilio uleule, 46, 80, 57, 117, 67 na 97. Zitazame. Kila mama kaongeza, baina ya kilo 4 na 7, hakuna hata mmoja aliyepungua. Mtu asiyejua hata takwimu ni nini akizisoma atakwambia mpya ni bora.

Zipige kwa ti-testi ya makundi mbalimbali, yani ujifanye hawa ni wakinamama kumi na mbili wasiojuana: t (ukubwa wa tofauti ukilinganisha na mtawanyiko wa data) inatoka 0.38 hivi na p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa kama hii au zaidi kwa bahati tu, ikiwa kweli hakuna tofauti; ikiwa chini ya 0.05 ndo watu huihesabu) kama 0.71. Yani hakuna kitu! Zipige kwa ti-testi ya jozi, kila mama na nafsi yake: t ni 11.5 hivi na p iko chini ya 0.001. Data zilezile, namba zilezile kumi na mbili.

Kwanini? Kwa sababu mama na mama wanapishana mno, yule wa kilo 40 pengine pahala pake mchanga tu na maji yanakauka, yule wa 110 kapata dimbwi zuri. Tofauti hiyo kubwa ya mtu na mtu inaimeza ile ya kilo tano sita unayoitafuta. Ti-testi ya jozi inaitoa njiani, inatazama ile nyongeza tu ya kila mmoja. Kwaiyo ukipima mtu yuleyule mara mbili, au mti uleule wa mkarafuu upande wa jua na upande wa kivuli, au mke na mume wa nyumba moja, hiyo ni jozi, usiivunje.

"Chini ya watu 30 ti-testi haikubaliki"

Hii naisikia mpaka kwa watu wazima. Ti-testi ilitengenezwa kwa ajili ya sampuli ndogo! Aliyeitoa ni William Sealy Gosset, mfanyakazi wa Guinness kule Dublin, kiwanda cha bia (ndio, bia, tuchukue elimu tuiwache chupa), alikuwa na vipimo vichache vya shayiri na hesabu za wakati ule zilitaka sampuli kubwa. Akaichapisha 1908 kwa jina la "Student" kwa vile kiwanda hakikuwa kikiwaruhusu wafanyakazi kuchapisha kwa majina yao. Hiyo 30 haina utukufu wowote. Sampuli ndogo tatizo lake ni jengine, inakuwa haina nguvu ya kuiona tofauti ndogo, na ikiwa na namba moja ya ajabu inakupindisha.

"Data sio nomo (hazina umbo la kengele), basi ti-testi haramu, nenda nonparametriki (testi zisizodai umbo hilo)"

Hapa pana ukweli kidogo na chumvi nyingi. Kwanza watu wanachora grafu ya data zote pamoja, wanaona vichuguu viwili wanashtuka, kumbe kichuguu kimoja ni cha wanaume na kimoja ni cha wanawake, unatakiwa utazame ndani ya kila kundi. Kwenye jozi ndo kabisa, unazitazama zile tofauti, sio safu mbili za mwanzo. Pili ile testi ya Shapiro-Wilk, ya kupima kama data ni nomo, watu wanaiabudu: ukiwa na watu 12 mara nyingi haina uwezo wa kuona hata data zilizopinda, ukiwa na watu 2,000 italalamikia kasoro ambayo haimdhuru mtu. Na sampuli ikiwa kubwa ti-testi inastahamili sana. Tazama grafu kwa macho yako, kama mkia mrefu kama wa kipato (watu wengi wana kidogo, mmoja ana hoteli) basi hapo fikiria Mann-Whitney (testi ya makundi mawili inayotumia nafasi za namba zikipangwa) au ubadilishe namba kwa log (logarithimu, inayoubana ule mkia). Lakini na Mann-Whitney tusiisingizie, wengi wanaandika "inalinganisha mediani", inafanya hivyo pale tu maumbo ya makundi mawili yanapofanana, vyenginevyo inakwambia kundi gani lina kawaida ya kuwa na namba kubwa zaidi.

Kama makundi yana mtawanyiko tofauti, ti-testi ya Welch, isiyodai mitawanyiko iwe sawa, inatosha, wengine tunaitumia moja kwa moja bila kuuliza.

"Kai-skwea nitie asilimia"

Jamani hapana. Hii inaniumiza roho kwa sababu makosa yake huyaoni, programu inakubali tu.

Tuseme umeuliza wavuvi Nungwi na Kizimkazi kama wanatumia GPS. Nungwi 6 katika 10, Kizimkazi 4 katika 10. Kai-skwea ya vichwa hivyo ni 0.8, p kama 0.37, huna la kusema. Sasa mtu anageuza, 60% na 40%, anaziingiza 60 na 40 kama ni watu. Kai-skwea inaruka mpaka 8.0 na p inashuka mpaka 0.005. Kajitengenezea wavuvi 180 ambao hajawahi kukutana nao. Ingiza vichwa siku zote, asilimia ni za kuandikia kwenye maelezo.

Na kila mtu ahesabiwe mara moja. Kama swali lako linaruhusu kuchagua majibu matatu, mvuvi mmoja akaingia kwenye visanduku vitatu, hiyo sio kai-skwea ya kawaida tena. Kama ni ndio/hapana ya mtu yuleyule kabla na baada ya mafunzo, hiyo ni testi ya McNemar. Na visanduku vikiwa na idadi ndogo inayotarajiwa, chini ya 5, tumia testi ya Fisher, SPSS inakuwekea ujumbe chini ya jedwali lakini nani anausoma.

"Wilaya nne, napiga ti-testi mbilimbili mpaka ziishe"

Unalinganisha unyevu wa karafuu kavu za Micheweni, Wete, Chake na Mkoani. Mbilimbili zinatoka sita. Kila moja ina uwezekano wa 5% wa kukudanganya hata kama wilaya zote sawa, kwa zote sita uwezekano wa kudanganywa japo mara moja unaweza kupanda mpaka kama 26%. Piga anova kwanza, ikisema pana tofauti ndo ufate na testi ya Tukey kuona wapi na wapi. Na anova yenyewe haikwambii ni wilaya gani, inakwambia tu hazilingani zote, mtu akiandika "anova inaonyesha Wete ndo bora" ujue hajaelewa.

"Nina watoto 400, sampuli yangu kubwa"

Wametoka wapi? Skuli 10, kila skuli watoto 40. Basi hawa si 400 kwa maana ile unayodhani. Watoto wa darasa moja wana mwalimu mmoja, wanakunywa tangi moja, wakiumwa wanaumwa pamoja. Kuna hesabu yake: chukua 40, toa 1, zidisha na kiwango cha kufanana kwao, ongeza 1. Kufanana kukiwa 0.1 tu unapata 4.9, gawa 400 kwa 4.9, unabakiwa na kama 82. Ndo uzito wa data yako. Hivyohivyo kwa shehia, kwa madrasa, kwa dau moja lenye wavuvi wanane. Au ulinganishe wastani wa skuli kwa skuli, au utumie modeli yenye kuijua skuli, na hii ya pili kama hujaifanya tafuta mtu mapema, usingoje wiki ya mwisho.

"Korelesheni 0.99, basi vipimo viwili vinakubaliana"

Chukua mizani mbili za karafuu. Moja inapunguza kilo mbili kila ukiweka gunia. Korelesheni yao ni 1 kamili, na mkulima mmoja kaibiwa kilo mbili kila gunia. Korelesheni inasema zinapanda na kushuka pamoja, haisemi zinatoa namba moja. Kujua kama zinakubaliana tazama tofauti zake gunia kwa gunia, ndo walivyoonyesha wataalamu wa takwimu Bland na Altman 1986, wao kwa vipimo vya hospitali.

"p imezidi 0.05, kwaiyo hakuna tofauti"

Rudi kwa wale wavuvi, 6 na 4, p 0.37. Hujathibitisha kwamba Nungwi na Kizimkazi wako sawa, umeuliza watu ishirini tu. Andika tofauti yenyewe ni kiasi gani na inaweza kuwa baina ya ngapi na ngapi, msomaji aone. Na upande wa pili vilevile, p ndogo haina maana kitu ni kikubwa, ukiwa na watu elfu kumi hata gramu mbili zitakuwa na p ndogo. Hiyo 0.05 mtaalamu wa takwimu Ronald Fisher, yule mwenye ile testi, aliipendekeza miaka ya 1920 kwa wepesi wa kazi, haikuteremka kutoka mbinguni.

Sasa turudi kwa kijana. Nishamwelewesha habari ya jozi, kafurahi, nikafungua faili nimpigie mara moja tukalale. Natazama safu ya kwanza: 31, 33, 36, 38, 40... inapanda. Safu ya pili nayo inapanda. Nikamuuliza, mbona zimejipanga hivi? Akasema "nilizisoti ami, zipendeze." Kila safu peke yake. Na majina ya wakinamama hakuyaingiza, kwa sababu ati ni siri, hata nambari hakuwapa. Kwaiyo hatujui tena 31 ya huku ni mwenzake wa ngapi kule, jozi zote zimevunjika, na DATA FINAL za mwanzo kazifuta.

Fomu za karatasi zipo, ziko kwa shangazi yake Jambiani. Kaniambia Ijumaa baada ya sala anapanda gari kwenda kuzichukua, na supavaiza keshaombwa wiki moja.