Kwa nini uvumi hukimbia na njia mpya ya kulima hutambaa?

Mtu mmoja akitamka sokoni asubuhi kwamba petroli inapanda bei kesho, kabla ya magharibi bodaboda wote wa mji wamepanga foleni kituoni. Bwana shamba akiwaonyesha watu haohao namna bora ya kupanda mahindi, misimu mitatu inapita na anayeifuata ni mmoja tu, tena shemeji yake. Masikio ni yaleyale na majirani ni walewale. Sasa tofauti inatoka wapi?

Jibu jepesi ni kwamba watu wanapenda umbea na hawapendi kazi. Huenda kuna ukweli ndani yake, ila jibu hilo halitusaidii, kwa sababu halisemi kwa nini kijiji kimoja kinabadilika na cha jirani yake kinakwama, ilhali wabishi wako kote. Jibu zuri zaidi nililiona mezani, usiku mmoja umeme ulipokatika, nikiwa na vifuniko 12 vya soda.

Kabla ya vifuniko, tuanze na neno moja: kizingiti. Mwaka 1978 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika kuhusu umati wa kufikirika wa watu 100 walio karibu kufanya fujo. Kila mmoja ana kizingiti chake, yaani idadi ya watu anaotaka kuwaona wameanza kabla hajaingia yeye. Wa kwanza ana sifuri, haitaji kumwona yeyote. Wa pili ana 1, wa tatu ana 2, na kuendelea hadi 99. Wa sifuri anarusha jiwe, wa 1 anamfuata, wa 2 anaona wako wawili naye anaingia, na mwishowe wote 100 wamo. Sasa badilisha mtu mmoja tu: yule wa 1 mpe 2. Wa sifuri anarusha jiwe, anageuka nyuma, hakuna anayemfuata. Umati wa kwanza gazeti litauita mji wa wahuni. Wa pili litasema kichaa mmoja kavunja dirisha. Wastani wa hasira wa makundi hayo mawili karibu ni uleule, kwa hiyo hata ukiwahoji wote 100, wastani wa majibu yao hautakuambia fujo itatokea au haitatokea.

Ndiyo maana kuna wataalamu walioacha kuhesabu wastani wakaanza kuunda jamii ndogo za kuchezea. Kazi hiyo huitwa uundaji wa modeli za mawakala. Neno wakala hapa lisikupeleke kwenye kibanda cha kutoa pesa. Wakala ni mtu wa kubuni mwenye kanuni moja au mbili fupi, anayewaona majirani zake tu, si kijiji kizima. Unaweka mawakala wengi pamoja, unawaacha wafuate kanuni zao, halafu unatazama kinachozuka. Wala huhitaji kompyuta kuanza. Thomas Schelling, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2005, alitumia sarafu na ubao wa miraba katika kazi aliyoichapisha mwaka 1971. Alionyesha kwamba hata kila mtu akitaka sehemu ndogo tu ya majirani zake wafanane naye, mtaa wote unaweza kuishia umegawanyika makundi mawili, bila hata mmoja wao kuutaka mgawanyiko huo.

Basi chukua vifuniko vyako. Panga 12 katika duara kama saa ya ukutani, vipe namba 1 hadi 12, vyote vikiwa vimelala kifudifudi. Kila kifuniko kinawajua wanne: wawili wa kulia na wawili wa kushoto. Aliyepokea wazo unamgeuza. Kila raundi kagua kwanza wote wanaostahili kugeuka, kisha wageuze kwa pamoja. Usipofanya hivyo, ukawa unageuza kila unapopita, utapata majibu mengine kabisa. Nilifanya kosa hilo mara mbili kabla sijalitambua, na nimegundua kwamba hata wanaotumia kompyuta hulifanya.

Anza na uvumi. Uvumi una kizingiti cha 1: kusikia kwa mtu mmoja kunatosha. Tuna hata methali ya kuutetea, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Geuza namba 1. Raundi ya kwanza wanageuka wanne, raundi ya pili wanne wengine, raundi ya tatu watatu waliobaki. Kijiji kimekwisha.

Sasa wazo gumu, lile ambalo mtu hulifuata akishawaona wawili. Mgeuze 1 na mwenzake wa upande wa pili wa duara, namba 7. Ukitumia akili ya kawaida, hao ndio ungewachagua, mmoja huku na mmoja kule, ili ujumbe ufike kote. Kagua: namba 2 anamwona 1 peke yake. Namba 5 anamwona 7 peke yake. Namba 4 hamwoni yeyote. Hakuna anayegeuka, wala hatageuka hata ukikesha. Rudi mwanzo, geuza 1 na 2, majirani wa ubavu kwa ubavu. Namba 3 anawaona wawili, namba 12 anawaona wawili. Kila raundi wanaongezeka wawili, na raundi ya tano wote 12 wamegeuka. Mbegu ni mbili zilezile na duara ni lilelile. Kilichobadilika ni mahali pa kuzipanda.

Sasa linakuja jambo ambalo sikulitegemea. Granovetter huyohuyo, katika makala ya mwaka 1973 iliyomletea sifa, alionyesha nguvu ya uhusiano wa mbali: mtu unayemfahamu juujuu, wa mtaa mwingine, ndiye anayekuletea habari ambazo majirani zako hawana. Nikajaribu. Nilikata uhusiano wa namba 3 na namba 1, nikamuunganisha 3 na namba 8 aliye mbali. Uvumi ulioanzia kwa 1 ulichukua raundi tatu kama kawaida. Lile wazo gumu, lililoanzia kwa 1 na 2, likachukua raundi saba badala ya tano. Njia ya mkato ilikuwa imemnyang'anya namba 3 shahidi wake wa pili. Mtu wa mbali anaweza kukuletea habari, ila kukufanya ubadili mazoea yako hawezi akiwa peke yake.

Je, watu halisi nao wako hivyo? Mwanasosholojia Damon Centola alilipima hilo, akachapisha matokeo mwaka 2010. Aliwaweka watu 1,528 katika jumuiya za afya za mtandaoni alizozipanga mwenyewe. Nyingine zilikuwa na marafiki wanaojuana wao kwa wao, nyingine uhusiano ulitawanywa ovyo. Kwenye zile za wanaojuana, tabia mpya ilifika kwa takriban asilimia 54 ya watu. Kwenye zilizotawanywa iliishia karibu asilimia 38, tena ikienda polepole.

Lakini mfano ninaoupenda uko jirani, Malawi. Huko wakulima wamezoea kupanda mahindi kwenye matuta. Kuna njia ya mashimo, inayokusanya maji ya mvua pale mmea ulipo, ila kuyachimba kunaumiza mgongo. Wachumi wanne, Lori Beaman, Ariel BenYishay, Jeremy Magruder na Mushfiq Mobarak, walikwenda kwenye vijiji 200, wakauliza nani huongea na nani habari za kilimo, wakachora mtandao wa kila kijiji. Kisha wakauigiza kwenye kompyuta: tukiwafundisha wakulima hawa wawili itakuwaje? Na wale wawili je? Walijaribu kwa kizingiti cha mtu mmoja na kwa kizingiti cha watu wawili, wakachagua wa kufundishwa kulingana na majibu. Kwenye vijiji vingine mabwana shamba walichagua wenyewe kama walivyozoea. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba wakulima wengi huhitaji kujifunza kwa zaidi ya mtu mmoja kabla ya kushika jembe, na kwamba wasipochaguliwa watu wanaofaa, njia mpya hukwama ilipoanzia.

Kwa hiyo shemeji wa bwana shamba wetu huenda hana kosa lolote. Yeye ni namba 1 kwenye duara ambalo kila jirani anasubiri wa pili.

Ukitaka kuvuka vifuniko 12, kuna NetLogo, programu ya bure iliyoandikwa na Uri Wilensky mwaka 1999, leo ikitunzwa katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Mawakala wake huitwa kasa, jina lililorithiwa kutoka lugha ya kompyuta ya Logo ya miaka ya 1960, ambayo watoto waliitumia kumwongoza kasa wa roboti kuchora sakafuni. Unatengeneza vitufe viwili, kimoja cha kuandaa kijiji na kingine cha kukiendesha, na ndani yake kuna maktaba ya modeli zilizokwisha kuandikwa, zikiwemo za virusi na za mitandao. Ushauri wangu ni kufungua mojawapo na kuivuruga kabla ya kuandika yako. Badilisha namba moja tu kwa wakati, la sivyo hutajua kilichosababisha nini. Na kwa kuwa kompyuta hupiga kura ya bahati kila inapopanga watu, usiamini picha ya mara moja: endesha mara 100, utazame ni mara ngapi wazo lilifika na mara ngapi lilikufa. Wanaoanza hupenda kuwaongezea kasa wao umri, dini, kipato na hasira mpaka modeli inafanana na kijiji na haielezeki tena. Sifa mbili au tatu zinatosha.

Lakini mezani bado kuna jaribio moja, nami ndilo ninalowaonyesha wageni. Rudisha duara la mwanzo, mbegu zikiwa 1 na 2, kizingiti cha wote kikiwa 2. Chagua wakaidi wawili, wape kizingiti cha 3. Wakaidi wakikaa nafasi ya 3 na ya 12, wazo halitoki kabisa: wanabaki walioanza, wawili. Wahamishie 6 na 9, wanageuka watu wanane kisha kila kitu kinasimama. Wahamishie 7 na 8, wakae pamoja mwisho kabisa wa duara. Raundi ya nne inapita, wakaidi wanatazama kushoto na kulia, kila mmoja anahesabu watatu, na raundi ya tano wote 12 wamegeuka, kwa muda uleule kana kwamba mkaidi hakuwepo hata mmoja.