Nije, nisije? Swali la alfajiri ya dhoruba

Alfajiri moja alinipigia kijana wa zamu ya asubuhi. "Shikamoo mkuu, samahani kukuamsha. Nimesikia onyo la jana, lakini huku kwangu hakujadondoka hata tone. Nije, nisije?"

"Marahaba. Unapita njia gani?"

Akanyamaza kidogo. Akasema anapita kule bondeni, kwenye daraja la chini, kama siku zote.

"Basi kaa hapo hapo mpaka nikupigie."

Mimi ni afisa usalama na afya kazini, na usiku wa onyo la dhoruba huwa nalala simu ikiwa chini ya mto. Kijana yule hakunielewa, wala simlaumu. Sote tumezoea kupima hali ya hewa kwa dirisha: unafunua pazia, unatazama mbingu, unaamua. Kwa mvua ya kawaida kipimo hicho kinatosha. Kwa dhoruba kinadanganya, maana maji yanayoua mara nyingi hayakuanguka hapo ulipo. Yameanguka mbali, kwenye miinuko, na yako njiani.

Tarehe 29 Oktoba 2024, katika jimbo la Valencia nchini Hispania, ndivyo ilivyokuwa. Onyo jekundu la idara ya hali ya hewa, lile la ngazi ya juu kabisa, lilitoka asubuhi, watu wakaenda kazini. Katika miji kadhaa ya kusini mwa jiji mvua ilikuwa haba. Mafuriko yaliwashukia kwa mkondo ambao siku nyingi za mwaka huwa mkavu. Ujumbe wa dharura ulilia kwenye simu za wananchi baada ya saa mbili usiku, wakati wengi walishanaswa barabarani wakitoka kazini, au kwenye maegesho ya chini ya ardhi. Waliokufa walizidi 220.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aje au asije, simuulizi mbingu ikoje kwake. Namuuliza ni wapi njia yake inaposhuka chini kuliko kwingine. Kila safari ya kazini ina mahali pake pa hatari: kalavati, kivuko, njia inayopita chini ya reli, au mtaro usio na kingo. Mengine yote yakiwa makavu na hapo pamejaa, huna njia.

Watu hukadiria maji kwa kina, nami nawaomba wakadirie kwa nguvu. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 yanatosha kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 30 magari mengi madogo huanza kuelea. Kwa sentimita 60 hata magari makubwa ya magurudumu manne hubebwa. Dereva hudhani uzito wa gari utamwokoa, tani moja na ushee, nani atalisogeza? Lakini tumbo la gari dogo lina eneo la mita za mraba sita hivi. Kila maji yakipanda sentimita 10 juu ya hapo, yanalinyanyua kwa zaidi ya kilo 500 mpaka yatakapopenya ndani. Hesabu mwenyewe yanahitaji kupanda kiasi gani kabla matairi hayajaachia lami. Na maji ya matope hayakuonyeshi kama lami yenyewe bado ipo.

Hili nalijua kwa vitabu na kwa miguu yangu. Miaka ya nyuma, nikiwa tayari na cheti changu cha usalama ukutani (cheka tu), nilifuata lori lililokuwa likivuka barabara iliyofurika. Lori lilipita salama. Wimbi lake ndilo lililonirudia. Usukani ukawa mwepesi ghafla, nikawa nauzungusha na gari halijali. Kisha nikahisi ubaridi kwenye soksi: maji yalikuwa yanapanda kupitia zulia, polepole, bila kelele yoyote. Injini ikavuta maji, ikazima. Nilitokea dirishani, na bahati yangu mkondo ulinisukuma pembeni badala ya kwenye korongo. Tangu siku ile sijawahi kumwambia mtu "jaribu kupita taratibu".

Upepo nao una hesabu yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huwa mara nne, kwa hiyo upepo wa kilomita 100 kwa saa ni kiumbe kingine kabisa ukilinganisha na wa 50. Mwenye pikipiki au gari refu anayepita juu ya daraja asubiri. Ukikuta waya wa umeme umelala chini, kaa umbali wa mita 10 au zaidi, hata kama umetulia kama kamba ya kuanikia nguo. Radi: ndani ya gari lenye bodi ya chuma uko salama kwa sababu chuma kinaupitisha umeme nje yako. Matairi ya mpira hayahusiki, ingawa imani hiyo haifi. Ukiwa kwa miguu, ingia ndani ya jengo na ukae humo mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Kosa kubwa zaidi nalikuta kwa mabosi, na hulifanya kwa nia njema. Saa tisa alasiri mbingu inakuwa nyeusi, meneja anaingiwa na huruma, anatangaza wote waende nyumbani. Watu mia mbili wanamiminika barabarani kwa mkupuo, saa mbaya kuliko zote. Ukishafika kazini na jengo ni imara, mara nyingi usalama ni kubaki hapo hapo. Mvua kukatika pia si ruhusa ya kuondoka, maana mito huendelea kupanda baada ya mvua kuisha. Na kama ni kimbunga, ule utulivu wa ghafla unaweza kuwa jicho lake, yaani kitovu chake kisicho na upepo mkali. Upepo utarudi ukivuma kutoka upande wa pili.

Ndiyo maana napigania uamuzi utolewe jioni ya jana yake, uandikwe, na utolewe na mtu mmoja anayejulikana. Onyo jekundu: hakuna anayesafiri. La rangi ya chungwa, ngazi moja chini yake: wenye njia zinazopita mabondeni wabaki, wengine wasikilize simu. Wale ambao kazi haiwezi kusimama bila wao, kama wauguzi na mafundi wa umeme, wafike kabla ya dhoruba, walale hapo, na wapewe chakula na godoro. Kumwita muuguzi saa kumi usiku katikati ya tufani ni kumtafutia kitanda cha mgonjwa.

Na lazima tuseme habari ya pesa. Swali "nije?" linaloulizwa alfajiri kwa kawaida maana yake ni "nitakatwa siku?" Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, katika ibara ya 13, unamlinda mfanyakazi anayejiondoa kwenye kazi akiwa na sababu ya msingi ya kuamini kuwa kuna hatari kubwa na ya karibu kwa uhai wake. Lakini ibara hiyo inazungumzia mazingira ya kazi. Barabara ya kwenda huko ni pengo ambalo sheria nyingi zimeliacha wazi. Hispania ililiziba mwezi mmoja baada ya maafa ya Valencia, kwa likizo ya malipo ya hadi siku nne mtu anaposhindwa kufika kazini kwa sababu ya hatari ya namna hiyo. Kwingine mwajiri hana haja ya kusubiri bunge. Mstari mmoja kwenye kanuni za kampuni unatosha.

Saa tano asubuhi nilimpigia yule kijana. Maji yalifika bondeni saa mbili, akasema, na jua lilikuwa linawaka. Daraja halionekani, zimebaki nguzo za pembeni tu. Nikamwambia asije mpaka maji yashuke na lami ionekane. Akaitikia, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama siku yake imeandikwa.

Imeandikwa.