Je, Wajua Kwa Nini Mtu Aliyenaswa katika Mji wa Ajabu Hapati Njia ya Kutoka?

Wapenzi wa riwaya za kifantasia wanaujua vizuri mji wa namna hii. Mgeni huingia bila taabu, mara nyingi kwa shughuli ndogo ya siku moja, na anapotaka kuondoka hugundua kuwa barabara ile ile iliyomleta inamrudisha katikati ya mji. Hakuna ukuta, hakuna askari langoni, wala hakuna mnyororo mguuni mwake. Kwa nini basi watunzi huukwepa ukuta, ambao ungekuwa njia rahisi kuliko zote ya kumfungia mtu ndani, na ni nini kinachomfanya msomaji aliyekaa salama nyumbani kwake auamini mji kama huo?

Ukuta una kasoro kubwa katika utunzi, nayo ni kwamba unajionyesha. Mfungwa wa gerezani anamjua adui yake. Huhesabu zamu za walinzi, hutafuta kamba, huchimba chini ya sakafu, na hadithi yake huwa ya werevu na uvumilivu. Mji wa ajabu humnyima mtu hata ujuzi wa kile kinachomzuia, kiasi kwamba kabla ya kutafuta njia ya kutoka inambidi kwanza akubali kuwa amefungwa, na jambo hilo peke yake linaweza kumeza nusu ya kitabu.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mshenga mmoja kutoka Korogwe anashuka asubuhi katika stendi ya Kange, jijini Tanga, akiwa na barua ya posa mfukoni, na anatarajia kurudi kwao kwa basi la jioni. Nyumba anayoitafuta ipo Ngamiani. Watunzi wengine wangempeleka kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja au vya Lamu, lakini mimi naona Ngamiani inafaa zaidi, kwa sababu mitaa yake imenyooka na barabara zake zinaitwa kwa namba. Kupotea vichochoroni ni jambo la kawaida lisilomshangaza mtu. Lakini mshenga anayehesabu Barabara ya Tisa, ya Kumi, ya Kumi na Moja, kisha akajikuta tena kwenye Barabara ya Tisa, hawezi kuulaumu mtaa wala macho yake. Kwenye kona anampita muuza kahawa aliyeketi karibu na dele lake lililo juu ya makaa, na mzee mwenye kanzu ameshika kashata iliyomegwa pembe moja. Anatembea mbele kwa robo saa, anafika kwenye kona, anamkuta mzee yule yule, na kashata bado imemegwa pembe ile ile tu. Mambo ya ajabu huogofya zaidi yanapotokea mahali penye hesabu safi, na mtunzi anayelijua hilo hahitaji ukungu wala bundi.

Sababu ya kwanza ya msomaji kuamini inatoka mwilini mwake mwenyewe, kwa kuwa binadamu kweli huzunguka pale pale anapokosa alama za kumwongoza. Mwaka 2009 Jan Souman na wenzake wa Taasisi ya Max Planck mjini Tübingen, Ujerumani, walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya jambo hilo. Waliwaomba watu sita watembee kwa saa kadhaa wakifuata mstari mnyoofu katika msitu wa Bienwald. Wawili waliotembea jua likiwa linaonekana walifanikiwa kwa kiasi kikubwa, lakini wanne waliotembea siku ya mawingu wote walizunguka, na watatu kati yao walizikata njia zao wenyewe mara kwa mara bila kutambua. Waliofungwa vitambaa machoni walifanya vibaya zaidi, kwani wakati mwingine walizunguka katika duara lenye kipenyo cha mita 20 hivi huku wakiamini kuwa wanakwenda mbele. Watafiti hao hawakuona kuwa chanzo ni mguu mmoja kuwa na nguvu kuliko mwingine, kama ilivyodhaniwa na wengi; walieleza kuwa makosa madogo madogo katika hisia ya mtu ya kujua mbele ni wapi hujilimbikiza, na pasipo jua, mlima au mnara hakuna kitu cha kuyasahihisha. Ndiyo maana miji mingi ya ajabu katika riwaya hufunikwa na wingu zito au giza lisiloisha. Mtunzi anaiondoa alama ya mwisho, na mwili unafanya kazi iliyobaki.

Maelezo hayo, hata hivyo, yanatosha kwa siku ya kwanza tu. Mtu anaweza kuzunguka mchana kutwa, lakini hawezi kuzunguka miaka saba asijiwekee alama kwa chokaa kwenye kuta. Kinachoufunga mji kwa muda mrefu ni wakazi wake, na hapa ndipo riwaya nzuri hutofautiana na riwaya ya vitisho vya bure.

Mtu wa Tanga hana haja ya kwenda mbali kuliona hilo. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alitunga Kusadikika, riwaya iliyotoka mwaka 1951 kuhusu nchi iliyo angani ambayo wajumbe wake sita walitumwa pande sita kutafuta mambo ya manufaa. Waliporudi na habari za waliyoyaona, walitiwa kifungoni. Nchi hiyo haikuhitaji kuzuia watu kutoka; ilitosha kumwadhibu anayerudi na jipya, na kila aliyebaki akajifunza kutotazama nje. Katika Adili na Nduguze, iliyochapishwa mwaka 1952, mtunzi huyo huyo anatuonyesha kinyume chake. Adili anaingia katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe, anamkuta binti mmoja tu aliye hai, Mwelekevu, kisha anaondoka naye. Mji unatisha, lakini haumnasi mgeni, kwa kuwa hakuna wa kumkaribisha wala wa kumwambia akae.

Kwa sababu hiyo hiyo siwashauri watunzi wanaoanza kukimbilia magofu. Kusini mwa Tanga, pale Tongoni, kuna msikiti uliobomoka na makaburi zaidi ya 40 ya kale, nayo ni mandhari ya kuvutia sana. Lakini gofu humwacha mtu aende zake. Mji unaonasa lazima uwe na moshi jikoni na watoto wanaotoka chuoni.

Wasimulizi wa Pwani walilijua jambo hili kabla ya riwaya. Giningi, makao ya wachawi katika masimulizi ya Pemba na Unguja, haielezwi kama ngome, na unga wa ndere unaotajwa sana katika masimulizi ya uchawi haumfungi mtu mikono. Humpumbaza, asahau alikotoka na ayaone ya kigeni kuwa ya kawaida. Wagiriki wa kale nao walisimulia kuwa Persephone alikula punje za komamanga kuzimu na kwa sababu hiyo akalazimika kurejea huko kila mwaka. Chakula kinapokuwa ndiyo kufuli, mgeni hujifunga kwa mkono wake mwenyewe, tena akiwa ameshukuru.

Kuhusu wakati sina haja ya kusema mengi, kwa maana wasomaji Waislamu wanaosoma Sura ya al-Kahf kila Ijumaa wanawajua vijana waliolala pangoni miaka mia tatu na ziada ya tisa, na walipoamka wakadhani wamekaa siku moja au sehemu ya siku. Mmoja akatumwa mjini na sarafu za fedha kununua chakula. Watunzi wa fantasia hutumia hali ya namna hiyo, ya miaka kupita bila mtu kujua, ili hata anayefaulu kutoka asiwe na pa kurudi.

Tumrudie mshenga wetu, kwa sababu bado hatujasema ni nini hasa kinachomzuia. Mji wa ajabu hutawaliwa na sharti, na sharti bora ni lile linalotokana na maisha ya mahali penyewe. Utani wa Tanga ni kwamba mgeni akishafika haondoki tena, na katika utani huo mna riwaya nzima. Kwa desturi zetu mgeni haondoki kimya kimya, huomba ruhusa. Mshenga anapokelewa vizuri, anaandaliwa maji ya kunawa, na barua inapokelewa kwa mikono miwili. Adhuhuri inapokaribia anasema, "Mzee wangu, naomba ruhusa sasa, nisije nikakosa basi." Mwenyeji anatabasamu na kumjibu, "Ruhusa ipo, bwana mshenga, lakini chakula kimeshatelekwa. Utaondokaje nyumbani kwetu na njaa?" Baada ya chakula kuna mvua. Baada ya mvua kuna mjomba wa binti ambaye bado hajafika, na haifai mshenga kuondoka kabla ya kuonana naye. Hakuna anayemkatalia, na hakuna anayempa. Kila anapoondoka bila kuruhusiwa, Barabara ya Kumi na Moja inamrudisha ya Tisa.

Sharti la namna hii lazima lionekane mapema, hata kama msomaji hatalitambua, na mlango wa kutokea lazima uwe ule ule uliotumika kufungia. Mtunzi anayemwamsha mhusika wake katika ukurasa wa mwisho na kutuambia kuwa zote zilikuwa ndoto anamdhulumu msomaji, kwa sababu ndoto haina gharama kwa aliyeiota. Mshenga wetu anaweza kutoka Ngamiani wakati wowote, ilimradi akubali kuwavunjia wenyeji heshima mbele ya watu wote: amwambie mwenyeji wazi kuwa haombi tena ruhusa, asimame sufuria ikiwa bado jikoni, na apite katikati ya wakwe watarajiwa bila kumpa mkono hata mmoja. Akifanya hivyo barabara zitahesabika sawasawa hadi ya mwisho, basi la Korogwe atalikuta, na posa aliyotumwa kuileta itakuwa imevunjika.