Kampeni Humwaga Fedha, Mpigakura Habadiliki: Dhana na Ukweli

Dhana: Mwenye matangazo mengi ndiye atakayegeuza kura.

Bilionea Michael Bloomberg alitumia takriban dola bilioni 1 kwenye mchujo wa chama cha Democratic wa kumpata mgombea urais nchini Marekani, katika muda usiofika miezi minne. Machi 3, 2020, majimbo mengi yalipopiga kura kwa mkupuo, mahali pekee alipoongoza ni American Samoa. Kesho yake akajitoa.

Tangazo lina nguvu, ila nguvu hiyo haidumu. Mwaka 2006 kampeni ya Rick Perry, gavana wa Texas, iliwaruhusu watafiti kupanga kwa bahati nasibu wapi na lini matangazo yake yarushwe. Yaliporushwa kwa wingi, uungwaji mkono ulipanda vizuri. Baada ya wiki moja hivi, karibu ongezeko lote lilikuwa limeyeyuka. Na wiki za lala salama ndipo mpinzani naye anaporusha ya kwake, kila upande ukafuta kazi ya mwenzake.

Dhana: Wengi huamua dakika za mwisho.

Mwaka 1940, katika kaunti ya Erie, jimbo la Ohio nchini Marekani, mtafiti Paul Lazarsfeld na wenzake waliwahoji watu walewale mara kwa mara kuanzia Mei hadi Novemba. Karibu nusu walikuwa wameshaamua mwezi Mei. Kazi kubwa ya kampeni ilikuwa kuwaimarisha walipokuwa tayari, na kilichowagusa wasioamua kuliko redio na magazeti ni maneno ya ndugu, marafiki na wenzao kazini.

Mwaka 2018 watafiti Joshua Kalla na David Broockman walichapisha uchambuzi wa majaribio 49. Kwa uchaguzi mkuu, makadirio yao bora ya athari za simu, barua, matangazo na kugonga hodi katika kubadili chaguo la mgombea ni sifuri. Kwenye mchujo wa ndani ya chama hali ni tofauti, na sababu inaeleweka: wagombea wote ni wa chama kimoja, hivyo jina la chama halimsaidii mpigakura kuchagua.

Dhana: Mkutano ukifurika, kura zipo.

Wanaofurika wengi wao walishakubali kabla ya kutoka nyumbani.

Dhana: Uongo wa mpinzani ukianikwa, wafuasi watamkimbia.

Jaribio lililochapishwa mwaka 2017 lilihusu kauli za Donald Trump. Wafuasi wake waliposahihishwa walipunguza kuziamini kauli hizo, lakini nia ya kumpigia kura haikutetereka. Kura hubeba pia hofu ya upande wa pili na ile imani kwamba "huyu ni wetu". Uongo usahihishwe, kwa sababu wananchi wana haki ya kujua ukweli, lakini timu isihesabu masahihisho hayo kama kura zilizopatikana.

Dhana: Basi kampeni ni kazi bure.

Hapana. Mwaka 1998 katika mji wa New Haven, Marekani, watafiti Alan Gerber na Donald Green waligundua kwamba kumwendea mtu mlangoni na kuzungumza naye ana kwa ana kuliongeza idadi ya waliojitokeza kupiga kura. Simu hazikuongeza. Kwa maoni yangu, fedha za mabango ya wiki ya mwisho zingewalipa vijana wa kugonga hodi kwa wafuasi wanaokubali mgombea lakini hukaa nyumbani siku ya kura, wawaulize kama wanajua kituo chao kilipo na saa ngapi watakwenda.